Njozi Hulipiwa na Nani?

Siku hizi haupiti mwezi pasipo mtu kusimama na kunena kwamba amemwona Yesu usiku. Sisemi kwamba Bwana hawezi kumtokea mtu. Nasema hivi: miwa yetu hapa Kidodi haipokewi kiwandani mpaka ipimwe, njozi nayo ipimwe.

Mizani ni hii: nani alipaye gharama? Sauli, baada ya kutokewa njiani kwenda Dameski, alipoteza heshima aliyokuwa nayo, akapigwa, akafungwa. Tena habari za kunyakuliwa mbinguni alizinyamazia miaka 14. Watokewao wa leo hawanyamazi hata siku 14, na kapu la sadaka hufika kabla ya ujumbe.

Kule Kanungu, nchi ya Uganda, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde walidai kwamba Bikira Maria na Yesu husema nao. Wafuasi wakauza mali zao, fedha wakawapa viongozi. Walizuiwa hata kuzungumza. Basi nani angeuliza? Waliambiwa dunia itakoma mwisho wa mwaka 1999. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Kwa neno kama hilo Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, imekwisha kutoa hukumu, lakini wengi hawakuondoka. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, na watoto pia, waliteketea ndani ya nyumba ya ibada iliyofungwa.

Wako wasemao kwamba kuhoji ni kukosa imani. Tomaso alitaka kuona kwanza, na Bwana hakumfukuza. Alimwonyesha mikono yake.