Wacheni Kusahihisha Kampala

Mkenya akiwa London, muuza duka akimwambia "You all right?", hashuku kwamba muuza duka amekosea. Anajishuku mwenyewe. Anajiuliza kama anaonekana mgonjwa, anajibu kwa kubabaika, na usiku anaingia YouTube kugundua kumbe hiyo ni salamu tu, kama "sasa". Mkenya huyo huyo akishuka Kampala, mtu ambaye hawajaonana siku nyingi akimwambia "You are lost", anacheka. Anatoa simu, anawaandikia wasee kwenye grupu: manze, hawa watu na Kizungu chao wataniua.

Nimekuwa huyo Mkenya, kwa hivyo nikimtukana hapa ninajitukana.

Mara yangu ya kwanza nilivuka Busia kwa kitambulisho tu, nikafika Kampala alfajiri na begi moja na kiburi cha kutosha watu wawili. Mwenyeji wangu alikuwa ameniambia kwa simu nichukue teksi, bei ni rahisi. Nikamwambia kijana mmoja pale kwa basi nataka teksi. Akabeba begi langu mpaka kwa gari jeupe lenye miraba ya buluu ubavuni. Mathree kabisa, ya watu 14. Nikasema sawa, labda teksi za huku ni kubwa. Nikakaa nyuma, nikanyoosha miguu kama bosi. Baada ya dakika kumi mama mmoja aliyebeba mfuko wa nyanya akaingia, akaniangalia, akasema, "Extend."

Nikamuuliza, "Extend what?" Gari zima lilicheka, na sikuelewa kwa nini mpaka jirani yangu aliponisukuma kwa kiuno.

Kampala, teksi ndiyo matatu. Gari la kukodi peke yako linaitwa special hire, jina ambalo ukilifikiria linajieleza lenyewe kuliko "teksi". Na "extend" ni songa. Rolex nayo ni chapati iliyoviringishiwa mayai, na nilikula mbili kabla ya saa nne.

Hadi hapo ni kichekesho, na singeandika makala kwa sababu ya kichekesho. Nilikuwa nimeenda kazi. Nilialikwa wiki mbili kuhariri hadithi fupi za waandishi wachanga, na hadithi ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya dada mmoja mtulivu aliyekaa pembeni bila kuongea. Ilianzia ndani ya teksi, na ikaishia mlangoni kwa mama anayempokea mwanawe baada ya miaka mingi. Mama anasema, "You are lost." Basi. Mwisho wa hadithi.

Nilipita nayo usiku mmoja na kalamu nyekundu. "Extend" nikaifanya "Move over, please". "For me I don't eat fish" nikakata mpaka ikabaki "I don't eat fish". Na yale maneno ya mama nikayafuta, nikaandika juu yake, "Long time no see."

Asubuhi yule dada alisoma sentensi yangu kwa sauti, mara mbili. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliongea Kizungu na watoto wake nyumbani, na hajawahi maishani mwake kusema "Long time no see". Walikuwa wamemzika mwezi wa nne. "You are lost" ndiyo aliyomwambia kakake aliporudi kutoka Juba, na baada ya hapo hakuongea mengi tena. Hadithi nzima iliandikwa ili hayo maneno matatu yapate mahali pa kukaa.

Nikasema sorry. Akaipokea kama pole ya msiba, maana kwao na kwetu sorry ni pole pia. Nikamwacha aipokee hivyo.

Sasa tazama nilichokuwa nimefanya. Nilitoa sentensi yenye kiima, kitenzi na kila kitu, nikaweka "Long time no see", ambayo haijui nani anaona wala nani haonwi. Hiyo ndiyo niliyoita Kizungu safi. Halafu sisi wenyewe si ndio tunasema "umepotea" kila siku? Nyanya yangu hana salamu nyingine. Hata kwa Kizungu tunasema "you're lost" na hatujisikii. Na hiyo "for me I"? Mganda anaanza na "nze" akitaka kujitenga na wengine, kama sisi tunavyosema "mimi sili samaki" ingawa "sili" peke yake ingetosha. Tena Nairobi nzima inasema "me I". Mtu akikupita unafua nguo Kampala atakwambia "Well done", na ukidhani anakudhihaki umekosea. Hiyo ni "gyebale ko" imevaa nguo za Kizungu. Ni pole na kazi. Jaribu wewe kumtafsiria Mwingereza pole na kazi uone kama hatauliza ni nini kibaya kimetokea.

Kwa hivyo masikio tunayo. Tatizo ni kwamba tumejifunza kuyafunga kulingana na mtu anayeongea. Vijana wa huku walitazama Top Boy wakaanza kusema "bare" wakimaanisha mingi, na hakuna aliyewarudisha darasa la nne. Hiyo tunaiita slang, na slang ni kitu cha kujifunza, cha kujivunia hata. Mnaijeria akisema "I'm coming" huku anaondoka, hayo tunayaita makosa, ingawa sisi pia tunasema "nakuja" tukiwa tumeshika mlango.

Waganda wenyewe wameshakiandikia kamusi hiki Kizungu chao. Bernard Sabiiti aliitoa mwaka wa 2014, akakiita Uglish. Na tukumbuke ni wapi Wakenya wa kizazi cha kina Ngũgĩ wa Thiong'o walienda kusomea Kizungu. Makerere. Ule mkutano wa 1962 wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza ulikuwa huko, juu ya kilima kile, na Ngũgĩ alihudhuria akiwa bado mwanafunzi. Leo wajukuu wanapanda basi la usiku kwenda kucheka kwa mwalimu.

Ukidhani hii ni chuki ndogo isiyoumiza mtu, kumbuka 2021. Waziri wetu wa afya alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, 10 tu ndio waliopita. Wengi wetu tulicheka. Ati hata Kizungu hawajui! Watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza, wakaandika mitihani yao kwa Kiingereza, wanajaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu. Hatukuuliza ni Kizungu cha nani kilipimwa. Tulishika rula ile ile tunayoipeleka Kampala, tukajipiga nayo wenyewe.

Najua kuna mtu tayari ameandaa jibu: basi kila kitu kiruhusiwe, tufunge shule? Hapana, bana. Mkataba uandikwe vile mkataba unaandikwa, na mtoto wa KCSE ajibu vile mtahini anataka. Kuna makosa ya kweli duniani, na mimi nalipwa kuyatafuta. Lakini maneno yanayosemwa na mji mzima, yakaeleweka na mji mzima, si makosa ya mji. Mgeni ndiye hajaelewa, na mgeni ana mdomo wa kuuliza. Mimi nilikuwa na mdomo na kalamu, nikatumia kalamu.

Yule dada alirudisha maneno yake yote, moja baada ya jingine, mimi nikiwa nimekaa kando yake. Mwaka uliofuata niliituma hadithi, kwa idhini yake, kwa mhariri mmoja wa hapa Nairobi. Alinijibu siku hiyo hiyo. Aliipenda sana, ila alitaka kujua kama hiyo "extend" kwenye ukurasa wa kwanza ni kosa la uchapaji.

Nikamwambia aende Kampala apande teksi.