Mbwa mkali mpe kazi

Australia kuna mbwa wa kuswaga ng'ombe, uzao wa mbwa wa wafugaji na dingo, mbwa wa porini wa huko. Huwauma ng'ombe visigino ili watembee. Akifungiwa uani bila kazi, huanza kuuma visigino vya watoto, na kumchapa humzidishia ukali. Mfugaji mwenye busara humfundisha kuswaga kwa amri: nenda, geuka, simama.

Ndivyo Mungu alivyomtendea Sauli. Hakumwondolea bidii aliyowatesa nayo waumini. Aliielekeza kwenye Injili.

Je, yule kijana wako mkorofi, anayeongoza wenzake kwenye fujo, umempa nini zaidi ya fimbo? Mwombee, kisha mkabidhi kundi la kuongoza.