Miche ya Mwisho wa Mvua: Ipi Yafaa Kuokolewa?

Ukipita kando ya barabara mjini Mpanda mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha kuaga, utaiona miche ambayo haikupata mtu wa kuichukua. Imesukumwa pembeni mwa kitalu. Viriba vyake vimepauka kwa jua na kuchanika, majani yamegeuka manjano, na magugu yameota humo humo kana kwamba ndiyo yaliyopandwa. Mwezi wa Desemba mche huo huo ulikuwa ukigombewa. Sasa mwenye kitalu yu radhi kukuachia kwa bei ya kutupa, na ukimsalimu vizuri huenda akakuongezea mmoja bure ili mradi apate nafasi.

Kwa mfanyakazi ambaye mshahara wake una wenyewe kabla haujafika mfukoni, hii ni nafasi ya kupata mwembe wa kubebeshwa au mparachichi uani kwake. Ni nafasi ya kweli. Lakini ina gharama ambayo haitajwi pale kitaluni, nayo ni maji.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza kwenye Novemba na kukoma kwenye Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kitupu cha miezi sita, na Septemba na Oktoba jua huwa halina huruma. Tuna siku yetu ya taifa ya kupanda miti, Aprili Mosi. Kwa wenzetu wa Pwani, masika huwa yanakolea wakati huo. Kwa mtu wa Mpanda mvua huwa zinafunga virago. Mche unaopandwa siku hiyo hupata majuma machache tu ya unyevu kabla ya kuachwa peke yake. Mwandishi wa safu hii haoni ubaya kusema kwamba siku ya kupanda miti ya Mpanda ni ile siku ya Desemba ambayo jembe linazama lote katika udongo uliolowa.

Basi tufanye hesabu. Mche mmoja unaotunzwa kivulini, ukipewa lita 2 za maji kila baada ya siku moja tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Novemba, utakunywa takriban lita 180. Hizo ni ndoo 9 za lita 20. Baba akirudi nyumbani kwa furaha na miche 10 ya bei ya kutupa, ameleta ndoo 90, na aghalabu si yeye atakayezibeba. Mapatano haya yafanyike kabla ya kununua. Nyumba yenye kisima uani yaweza kuchukua miche 10. Nyumba inayonunua maji kwa dumu ichukue 2 na kuitunza sawasawa. Maji yaliyosuuzia mboga na mchele yanafaa kabisa. Yale ya kufulia yenye sabuni nyingi yawekwe mbali na miche michanga.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Watu wengi hutazama majani, kumbe majani ndiyo yasiyo na neno kubwa. Mche ambao majani yake ya zamani, yale ya chini, yamekuwa manjano huku kilele kikiwa bado kibichi, una njaa tu. Udongo wa kiriba umekwisha nguvu. Samadi iliyooza vizuri itaurudisha katika majuma machache. Ukiwa umepukutika wote, kwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani kibichi chenye unyevu, mche u hai. Pakiwa kahawia pakavu, shuka chini kidogo ukwangue tena.

Kwa miche ya kubebeshwa, kwangua juu ya kovu la kuungia, si chini yake. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Tawi lililopachikwa hufa kwa kiu mwezi wa Juni, kisha shina la chini huchipua majani mazuri mno, na mnunuzi huona mche umefufuka. Uliofufuka ni mwembe wa kawaida uliooteshwa kwa kokwa, ambao utakufanya ungoje miaka mingi na kukupa embe usilolijua. Kama tawi la juu lingali hai, machipukizi yote ya chini ya kovu yaondolewe siku hiyo hiyo. Kama limekufa, usilipie bei ya mche wa kubebeshwa.

Lililo kubwa kuliko yote ni mizizi. Inua kiriba kwa upole. Ukiona mzizi umetoboa chini na kuzama ardhini, mwombe mwenye kitalu aukate kwa wembe. Mche ukikubali kusimama siku tatu nne kivulini baada ya kukatwa, uchukue. Ndani ya kiriba, mizizi iliyokaa muda mrefu huzunguka kama kamba iliyosokotwa. Ikizunguka chini tu, kipande hicho cha chini hukatwa. Ikiwa imezunguka shina lenyewe juu karibu na uso wa udongo, achana na mche huo hata ukipewa bure, kwani mzizi ule utanenepa pamoja na shina na kulikaba miaka kadhaa baadaye, wakati ambapo umekwisha kuweka benchi lako chini ya kivuli chake.

Ipo miche ambayo haifai kuhurumiwa. Misonobari na mikaratusi iliyopitiliza kiribani, ambayo mizizi yake imejikunja, huota vizuri kisha huangushwa na upepo ikiwa mikubwa. Mipapai iliyozeeka kitaluni nayo haina maana, maana mbegu mpya itakupita mbio. Mche wenye vifundo mizizini huenda una minyoo fundo, nao waweza kuambukiza bustani yako ya nyanya. Mchungwa wenye sisimizi wengi wanaopanda na kushuka, ugeuze majani yake: huenda una wadudu gamba. Wakiwa wachache hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Wakiwa wamefunika matawi, uache hapo hapo ulipo.

Ukifika nyumbani usikimbilie jembe. Zamisha kiriba chote katika ndoo ya maji hadi mapovu yakome, maana udongo uliokauka sana huyakataa maji ya kumwagiwa juu. Hupita pembeni na kutokea chini huku katikati pamebaki pakavu. Kisha pasua kiriba kwa wembe, kata mizizi iliyojikunja chini, na uhamishie mche katika chombo kikubwa zaidi: debe kuukuu, ndoo iliyopasuka, au kiroba kilichotobolewa matundu. Mparachichi usichezewe mizizi kuliko inavyolazimu, kwani huchukia. Changanya udongo wa juu na samadi ya zamani. Punguza majani karibu nusu ili mizizi iliyokatwa isielemewe. Weka kivulini, chini ya mwembe wa jirani ikibidi, na umwagilie jioni.

Chombo kiwekwe juu ya mawe au matofali. Mchwa wa nchi hii hawahitaji kualikwa, na nyasi kavu ulizotandaza ili kuhifadhi unyevu ndizo karamu yao ya kwanza. Zitandazwe, lakini zisiguse shina, na kila Jumapili zifunuliwe kutazamwa.

Neno moja zaidi, juu ya mninga, mti ambao mbao zake zimewafanya watu wa mbali waijue Mpanda. Si kila kitalu kina miche yake, kwani kuiotesha kunahitaji subira. Pale ilipo, mwezi wa Julai utaikuta imetengwa na ile ya kutupwa: kijiti kikavu katika kiriba, hakina jani hata moja. Hiyo ndiyo desturi ya mninga mchanga. Sehemu yake ya juu hufa wakati wa kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi, mwaka hata mwaka, kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini kwa chini. Ukishashiba ndipo shina huinuka moja kwa moja. Kwa hiyo usikwangue kijiti. Fukua udongo kidogo kwa kidole ukaguse mzizi. Ukiwa mgumu na mnono, una kitu mkononi, nao hautaki ndoo 9; ulowanishe kidogo tu, usikauke kabisa, hadi Novemba. Kabla mwenye kitalu hajakimwaga kiriba hicho jalalani, mwombe akuuzie.