Uchaguzi wa Kalibu za Kukunjia Mabomba: Hesabu Itangulie Nguvu

Katika karakana zetu nyingi za magari, kama zile za Gerezani jijini Dar es Salaam, kazi ya kukunja mabomba hufanyika kila siku. Keria za mizigo, bampa, mabomba ya ekzosi, vishikio vya abiria na fremu za mabasi, vyote hutegemea bomba lililokunjwa vema. Ustadi wa mafundi wetu haukanushiki. Hata hivyo, ni maoni yangu kwamba kazi hii imeegemea mno nguvu ya jeki na uzoefu wa macho, na imeegemea kidogo mno kipimo na hesabu. Matokeo yake ni bomba lililobonyea penye kona. Likiwa bomba la ekzosi, moshi hupita kwa shida. Likiwa nguzo ya paa la basi, udhaifu umewekwa mahali pale pale panapohitaji kustahimili gari linapopinduka.

Kalibu, ambayo mafundi huiita dai, ni kipande cha chuma chenye umbo la sehemu ya duara, kilichochimbwa mfereji katika ukingo wake. Wengi hudhani kwamba kazi ya kalibu ni kulipa bomba mviringo tu. La hasha! Bomba linapokunjwa, upande wake wa nje huvutwa na upande wa ndani hubanwa. Nguvu hizo kwa pamoja huzisukuma kuta mbili zikaribiane, na bomba hutaka kuwa bapa kwa kutanuka mbavuni. Kuta za mfereji ndizo zinazozizuia mbavu hizo. Mfereji ukiwa mpana kuliko bomba, kinga hiyo haipo.

Hapa ndipo linapozaliwa kosa la kwanza. Mashine nyingi za jeki huuzwa pamoja na kalibu za mabomba ya maji. Bomba la maji liitwalo la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha milimita 33.7, kwa kuwa jina lake hukadiria uwazi wa ndani. Bomba la fremu au la ekzosi, kinyume chake, huitwa kwa kipenyo chake cha nje. La inchi 1 ni milimita 25.4. Fundi akilitia hili katika kalibu ya lile kwa sababu majina yanafanana, hubaki nafasi ya zaidi ya milimita 8. Kwa mabomba ya inchi 2, vipenyo ni milimita 60.3 na 50.8. Basi kalibu isichaguliwe kwa jina la bomba. Kipimwe kipenyo cha nje kwa kalipa, kisha upimwe mfereji, navyo vilingane.

Jambo la pili ni ukali wa kona. Tuseme kipenyo cha nje cha bomba ni D, na nusukipenyo cha kona, kikipimwa hadi katikati ya bomba, ni R. Upande wa nje utarefuka kwa kadiri ya D ÷ 2R. Chukua bomba la milimita 38 lenye ukuta wa milimita 2. Kwa kalibu yenye R ya milimita 114, yaani mara tatu ya kipenyo, mrefuko ni sehemu moja ya sita, takriban asilimia 17, na ukuta hupungua kufikia kama milimita 1.7. Kwa R ya milimita 57, mrefuko ni asilimia 33, na ukuta hubaki milimita 1.5. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inatosha kutuonya: chuma laini cha kawaida huvutika takriban asilimia 20 hadi 30 kabla ya kukatika. Kona kali namna hiyo huhitaji mashine yenye kiini cha kulishikilia bomba kwa ndani. Pasipo mashine hiyo, ni heri kuchagua kalibu pana zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kalibu ni ghali, na kwamba mchanga uliojazwa ndani ya bomba hufanya kazi ile ile. Ni kweli mchanga husaidia, mradi uwe mkavu kabisa. Unyevu ukigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa na kupashwa moto, huweza kulipasua na kumjeruhi fundi. Kuhusu gharama, karakana ndogo haihitaji kalibu za kila kipimo. Ichague vipimo viwili vya bomba, inunue kalibu sahihi ya kila kimoja, na michoro yake yote ifuate kalibu hizo. Penye mashine ya kukereza, kalibu yaweza hata kutengenezwa papo hapo.

Nawaomba walimu wa Hisabati, Fizikia na ufundi washirikiane katika jambo hili. Hesabu iliyotajwa hapa haizidi uwezo wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Apewe kalipa, vipande viwili vya mabomba yenye jina moja, na swali moja: je, vipenyo vyao ni sawa? Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kijana aliyezoea kupima shuleni hatasubiri bomba libonyee ndipo ajue kwamba kalibu haikuwa yake.