KAZI ZA MIKONO: Bawaba ya Mlango

Msomaji, mlango huinama kwa sababu ya bawaba dhaifu, na mwizi aijua siri hiyo. Huko Tassia, Nairobi, mtu mwenye jiliwa, msumeno wa chuma na tupa aweza kujifanyia bawaba imara nyumbani.

Twaa mabamba mawili ya chuma, unene milimita 2, na ufito wa milimita 6 uwe pini. Bamba moja lichongwe vidole viwili, la pili kimoja cha kuingia katikati. Kila kidole kipewe urefu wa milimita 25 wa kuizunguka pini, kikipungua hakitafumba. Vikunje kwa nyundo, pitisha pini, kisha ponda ncha zake zote mbili zipanuke. Pini isiyopondwa huchomolewa nje usiku, na kufuli lako halitafaa kitu.