Mbio za magari Mwanza: gari lenyewe ndiyo gharama ndogo

Wadau, juzi tulikaa vijana wanne kwenye gereji moja pale Nyakato na karatasi na kalamu. Mmoja wetu ana Starlet ya namba A, bodi imechoka lakini injini bado inaimba. Tukasema tuchange, tuiingize kwenye mbio. Siyo Safari Rally, hatujapagawa kiasi hicho. Tunaongelea zile mbio za mzunguko mfupi kwenye vumbi ambazo wenyewe wanaziita otokrosi: njia ya udongo ya kilometa chache, unazunguka mara kadhaa, saa ndiyo inasema nani mkali.

Mimi niliingia pale nikiamini gari ndiyo itakula hela zote. Tulipomaliza kuandika, gari halikufika hata nusu ya jumla. Nikaona niiweke hapa hiyo hesabu, kwa sababu kila ukiuliza kwa nini vijana wa Kanda ya Ziwa hawaonekani kwenye huu mchezo, jibu ni lile lile: "mchezo wa matajiri". Sawa, lakini utajiri huo unakwenda wapi hasa?

Tuanze na gari. Tulikuwa na wazo la pili, kuagiza kagari kadogo kutoka Japani badala ya kuhangaika na hiyo Starlet. Chukua gari lenye zaidi ya miaka 10, injini ya cc 1300, ambalo mpaka kufika bandari ya Dar limegharimu dola 2,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 500. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini ni asilimia 5 ya hiyo 2,500, dola 125. Halafu kuna ushuru wa uchakavu kwa gari lililopita miaka 10, asilimia 30, dola 750. Juu ya hayo yote inakuja VAT asilimia 18, dola 600 na kitu. Jumla unakaribia dola 2,000 nyingine, yaani umenunua gari mara mbili na bado hujalipa tozo ndogo ndogo. Na TRA wana thamani yao wenyewe kwenye mfumo, hiyo risiti yako ya Japani siyo lazima waifuate. Sheria haiulizi kama unaenda kupeleka watoto shule au kuzunguka kwenye vumbi. Kwa hiyo kwa mtu anayeanza jibu ni moja, gari chakavu ambalo tayari liko mtaani. Wazo la kuagiza likafa palepale.

Hapo bado tulikuwa tunacheka. Kicheko kiliisha tulipofika kwenye usalama.

Gari la mbio lazima liwe na kizimba cha mabomba ndani, ili likibiringika paa lisikushukie kichwani. Fundi wetu akasema hiyo ni kazi ya siku mbili, bomba analo, lilibaki kwenye kazi ya geti. Nikaenda kusoma kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mchezo huu. Bomba kuu linatakiwa liwe la chuma kisicho na mshono, kipenyo milimita 45 na unene milimita 2.5, au 50 kwa 2. Bomba la geti ni bati lililokunjwa likachomelewa kwa urefu. Gari likipinduka, ule mshono ndiyo unaweza kufunguka kwanza. Nilipomwambia fundi akanitazama kama nimemtukana. Kwa haki yake, kazi ya kuchomelea anaijua vizuri sana kuliko mimi ninavyojua chochote, ila hilo bomba lisilo na mshono halipo dukani kwa jirani. Unaagiza, na unanunua kwa urefu wanaotaka wao.

Helmeti nayo. Tulidhani tutatumia ya bodaboda. Kumbe shirika la Snell la Marekani linatenganisha madaraja: ya pikipiki haipimwi kwa moto, ya gari inapimwa. Ukifikiria kidogo unaelewa, mwendesha pikipiki akianguka anatupwa mbali na tenki la mafuta, wewe umefungwa mkanda ndani ya gari pamoja nalo. Halafu kuna kiti cha mbio, mkanda unaoshika mabega yote mawili na kiuno, ovaroli isiyoshika moto haraka, mtungi wa kuzimia moto na swichi ya kukata umeme kwa nje.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba vitu hivi vina tarehe ya kuisha kama maziwa! Viti na mikanda ya viwango vya FIA vilivyozoeleka hupewa miaka 5 hivi tangu kutengenezwa. Ukinunua mkanda wa mkononi uliobakiza mwaka mmoja, umenunua mwaka mmoja. Ndiyo maana vinauzwa bei ya kutupa mtandaoni, na ndiyo maana maskini anavikimbilia.

Haya, tuseme tumefanikiwa. Tunakwenda kukimbia wapi?

Hapa ndipo karatasi ilipochanika. Chama cha magari, AAT, kipo, na mbio zipo nchini. Lakini kwa sehemu kubwa zimekuwa za Arusha, Moshi, Tanga, Morogoro, Iringa na Pwani. Kutoka Mwanza kwenda Arusha kwa lami ya Shinyanga, Nzega, Singida na Babati ni kama kilometa 800. Kwenda na kurudi 1,600. Canter iliyobeba gari, kwa kilometa 6 kwa lita, inataka lita zaidi ya 260, na bei ya mafuta miaka hii inazunguka karibu na shilingi 3,000 kwa lita. Hiyo ni karibu laki 8 ya dizeli peke yake, kabla ya dereva, kulala, kula, ada ya kuingia na tairi. Kwa ajili ya kuendesha dakika chache! Ukisema uendeshe gari lenyewe la mbio mpaka huko ili uokoe, likikufia Babati utarudi na nini?

Piga mara nne kwa mwaka. Safari tu inafikia bei ya Starlet.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba tatizo la kwanza ni bei ya magari. Tatizo la kwanza ni umbali. Arusha mtoto anapelekwa na baba yake Jumapili asubuhi na jioni yuko nyumbani. Hapo ndipo mchezo unageuka kuwa wa ukoo. Tazama hata Kenya, McRae Kimathi aliyepewa nafasi ya kuendesha Ford Fiesta Rally3 kwenye Safari Rally ya 2021, gari ambalo bei yake ni karibu euro 100,000, ni mtoto wa Phineas Kimathi, dereva wa zamani ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa shirikisho lao. Jina lenyewe amepewa la Colin McRae. Simlaumu kijana, anaendesha vizuri. Nasema tu kwamba alizaliwa karibu na uwanja.

Na haikuwa lazima iwe hivi. Safari ya kwanza mwaka 1953, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, iligawa magari kwa bei yake dukani. Wa gari la bei rahisi alishindana na wa bei rahisi mwenzake. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ya mkononi, iliyokwishatumika mbioni na timu ya kiwanda. Na mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari na Subaru Vivio, kagari ka cc 660, akashinda daraja lake. Kagari kama kale ukikaona Igoma sokoni unadhani ni ka kubebea mayai.

Wenzetu wa mbali wamefanya nini? Marekani, kwenye viwanja vidogo vya udongo vya mikoani, kuna madaraja yenye sheria kwamba ukishinda, mshindani wako anaweza kuinunua injini yako kwa bei iliyopangwa, na huruhusiwi kukataa. Nani tena atafunga injini ya mamilioni? Wana pia mbio za magari mabovu, 24 Hours of Lemons, zilizoanza 2006, ambako gari lilitakiwa lisizidi dola 500. Lakini angalia kitu kimoja: kizimba, kiti na mkanda havikuhesabiwa kwenye hizo 500. Hata wao walijua gari unaweza kulifanya rahisi, shingo ya mtu huwezi.

Na hatuhitaji kufika Marekani. Ng'ambo ya ziwa hili hili, Waganda wana Busiika kaskazini ya Kampala, na Garuga upande wa Entebbe karibu kabisa na maji. Siyo viwanja vya dhahabu. Ni udongo, tuta na watu.

Najua kuna mdau atasema shule hazina madawati nyie mnataka kuchoma mafuta. Mafuta yanachomwa tayari, kaka. Yanachomwa usiku kwenye lami, hakuna kizimba, hakuna helmeti, mama muuza samaki anavuka barabara. Hao ndio ningependa wawe Jumapili mchana sehemu iliyofungwa.

Kinachotakiwa siyo mabilioni. Eneo tambarare upande wa Usagara au Kisesa, siyo kwenye mbuga nyeusi ambayo ikinyeshewa inakuwa gundi, bali kule juu kwenye luseni, udongo wa kichanga. Greda kwa siku kadhaa, matuta ya kuzuia gari lisifike kwa watazamaji, gari la wagonjwa, watu wa bendera waliofundishwa. Na seti nne tano za helmeti na ovaroli za klabu, zinazoazimwa kama jezi. Hilo la mwisho lingepunguza gharama ya kuanza kuliko msamaha wowote wa kodi, maana gari moja linaweza kuendeshwa na watu wanne siku moja, lakini sasa hivi kila mmoja anaambiwa aje na vyake.

Sisi wanne tumesimama hapo. Mkanda tumeacha kuutafuta kwanza. Starlet bado ipo gereji, viti vya nyuma vimeshatolewa. Jana fundi kanipigia, anauliza kama lile bomba bado tunalitaka, kuna mtu wa geti anamsumbua. Nimemwambia ampe.

Nawasilisha.