Fundi na Kompyuta Mpakato
Tangu Oktoba 2023 zabuni za Serikali hupitia mfumo wa NeST. Seremala wa Chang'ombe, hapa Dodoma, anayetaka kazi ya madawati ya shule hana budi kujaza makadirio yake humo, na kwa simu ni taabu tupu. Basi na anunue kompyuta mpakato, ila asihadaiwe na wembamba wala mng'aro. Ya mtumba yatosha, mradi betri ihimili umeme ukikatika na diski isiwe ya kuzunguka, maana hiyo huharibika kwa mitikisiko ya bodaboda. Kubwa zaidi, je, yapokea Windows 11? Matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tunawataka ndugu wauzaji wamweleze fundi jambo hilo kabla ya kupokea fedha zake, ambazo pengine ni mkopo wa halmashauri.